Ndoo, Timazi na Kliki Mia Moja

Kitu cha kwanza Mzee alichoifanyia ile darubini mpya ya bunduki ni kuizamisha kwenye ndoo ya maji.

Ilikuwa imefika kambini jioni ya jana yake, imelala ndani ya boksi kwenye kitanda cha sponji nyeusi. Bei yake dola mia sita na ushee. Kwa darubini za bunduki hiyo ni bei ya kati: zipo za dola mia moja zinazotolewa kama nyongeza ukinunua bunduki, na zipo za Austria na Ujerumani ambazo moja tu inakununulia pikipiki mbili. Mzee aliagiza maji ya vuguvugu jikoni, akatia mkono kuyapima joto kama anayetaka kumwogesha mtoto, akaishika darubini kwa mikono miwili na kuizamisha yote. Kisha akachuchumaa, akainama juu ya ndoo. Mimi roho ilikuwa juu. Yeye alikuwa anatafuta mapovu.

Ndani ya darubini nzuri hamna hewa ya kawaida. Kiwandani wanaitoa hewa hiyo pamoja na unyevu wake, wanajaza naitrojeni kavu, halafu wanaziba kwa mipira kila panapoingia skrubu na kila panapokaa lenzi. Sababu yake anaijua yeyote aliyelala Rungwa mwezi wa Juni. Alfajiri unatafuta koti la pili. Saa saba mchana bodi ya gari haishikiki. Darubini yenye unyevu ndani, ikitolewa kwenye joto na kupelekwa kwenye baridi, inashika ukungu upande wa ndani wa kioo, mahali ambapo hakuna kitambaa kinachofika. Inasimuliwa kwamba Marcus Leupold wa Portland, Oregon, alimkosa kulungu kwa sababu hiyo hiyo, akaapa kutengeneza yake. Kampuni ya familia yake ilikuwa ya vifaa vya wapima ardhi. Mwaka 1947 ikatoa darubini yake ya kwanza ya bunduki. Leo kujaza naitrojeni ni desturi ya karibu kila kiwanda, na kila boksi limeandikwa kwamba kitu hiki hakiingii maji. Mzee anasoma maandishi ya boksi, halafu anaomba ndoo.

Maji ya vuguvugu yanaipasha gesi ya ndani, gesi inatanuka, na kama kuna upenyo lazima itoke. Dakika mbili zilipita. Kipovu kimoja kikajitokeza chini ya kofia ya nobu, kikaning'inia, kikapanda juu. Nikashtuka. Mzee hakusema neno, aliendelea kuangalia pale pale kilipotokea. Dakika tano, dakika saba. Hakikuja cha pili.

“Kile ni cha nje, kilinaswa kwenye nyuzi za kofia,” akasema. “Cha ndani hakiji peke yake, mwanangu. Cha ndani kinakuja na ndugu zake.”

Akaitoa, akaifuta, akaiweka juani juu ya kitambaa. Hapo ndipo alipokunja mikono ya shati.

Mzee alikuwa askari wanyamapori kabla ya kustaafu, na sasa kila mwaka anakuja kwenye kambi yetu kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa tarehe 1 Julai, kukagua silaha. Vijana wanafyeka barabara, wengine wanasuka nyasi za jikoni, mbung'o wanatuuma wote bila kuchagua, na yeye anakaa chini ya myombo mmoja mkubwa na bunduki zake, moja baada ya nyingine, kwa siku tatu au nne. Kazi yake haina kelele na mpita njia anaweza kudhani amepumzika. Mimi ndiye mtunza stoo wa kambi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimshikia tepu na kumwandikia daftari. Nimeona mafundi wengi wa vitu vingi. Sijaona mwingine anayekiuliza kitu maswali kwa subira kama yeye.

Bunduki iliyokuwa ikisubiri ile darubini ni ya kambi, ya .30-06, risasi ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906 na ambayo mpaka leo inapatikana karibu kila duka la silaha duniani. Tunaiweka kwa ajili ya mgeni ambaye bunduki yake imepotelea kwenye ndege, na kwa nyama ya kambi. Kitako chake ni cha mti, kimechubuka kwa kufungwa kwenye Land Cruiser, lakini mtutu ni mzima. Tatizo lilikuwa darubini yake ya zamani.

Msimu uliopita mgeni aliitumia kwa kongoni, mita kama 150, mnyama amesimama ubavu. Risasi ikaenda nyuma mno. Tulifuata damu kutoka saa nne asubuhi mpaka jua linazama, mfuata nyayo mbele, sisi nyuma, na kesho yake tena, mpaka tai wakatuonyesha. Mnyama aliyejeruhiwa anahesabiwa kwenye leseni sawa na aliyeuawa, lakini aliyekuwa porini siku ile hakuwa anafikiria leseni. Mgeni alijilaumu, akasema mkono wake ulitikisika. Tuliporudi, mwindaji bingwa wetu akaifyatua bunduki ile kwenye ubao: risasi tatu zikakaa pamoja vizuri kabisa, ya nne ikaangukia shubiri nzima kulia. Mkono wa mgeni haukuwa na kosa.

Ili kuelewa kilichotokea inabidi ujue kilichomo ndani. Katika mrija wa darubini unaouona kwa nje kuna mrija mwingine mdogo, umebeba lenzi za kuigeuza picha, maana lenzi ya mbele peke yake inakuonyesha dunia miguu juu kichwa chini. Mrija huu mdogo umeshikwa upande mmoja tu. Upande wa pili unaelea. Skrubu moja inausukuma kutoka juu, nyingine kutoka pembeni, na springi upande wa pili inausukuma urudi. Ukizungusha nobu unasogeza skrubu, skrubu inasogeza mrija, na msalaba wa kulengea unaouona ndani ya kioo unahama. Kila kishindo cha bunduki kinatikisa vyote hivyo. Springi ikichoka, mrija unarudi mahali pake mara tatu, na mara ya nne haurudi. Kwa macho huoni kitu. Kioo kinang'aa, msalaba umesimama katikati, na unadanganywa.

Ndiyo maana Mzee, aliponiona nimeiweka darubini mpya jichoni kule stoo kwangu, nikisifia ung'avu wake, aliniambia kwa upole tu kwamba ung'avu ni wa mwisho kuuliza.

Alianza na reli, kile chuma kilichofungwa juu ya mwili wa bunduki na kubeba pete za darubini. Alizifungua skrubu zake zote nne ingawa hakuna aliyezilalamikia. Ya tatu ilitoka kwa robo ya nguvu za wenzake. Akaiweka pembeni, akanionyesha bila kusema. Kisha pamba na spiriti: mashimo, skrubu, sehemu ya chini ya reli, mpaka pamba ikatoka nyeupe. Mafuta yanayoilinda bunduki isishike kutu ndiyo hayo hayo yanayoteleza skrubu, alisema, na gundi ya skrubu haishiki penye mafuta. Tone moja moja la gundi, si zaidi, na kila skrubu ikarudi kwenye tundu lake lile lile.

Pete za chini zikakaa. Darubini ikalazwa ndani yake, pete za juu zikawekwa bila kukazwa, na sasa likaja swali la jicho. Mzee aliishika bunduki begani macho akiwa ameyafumba, akalaza shavu kwenye kitako, akafumbua. Akaisogeza darubini mbele kidogo, akafumba tena. Alifanya hivyo mara nane au tisa, akiwa amevaa koti, kisha akavua koti akarudia, kwa kuwa koti linaongeza unene begani na mwindaji wa saa kumi na mbili asubuhi si yule wa saa nne. Alitaka jicho likifumbuka likute picha nzima ya duara, bila kivuli cheusi pembeni, pasipo shingo kutafuta. Kwenye darubini hii umbali wa jicho kutoka kwenye kioo cha nyuma ni kama sentimeta 9, nao si wa starehe peke yake. Juu ya nyusi ya kulia ya Mzee pana kovu lenye umbo la mwezi mchanga. Alilipata ujanani kwa bunduki nzito, darubini imefungwa nyuma mno. Tangu hapo hajafunga darubini ya mtu bila kumwita mwenyewe aje alaze shavu, na kwa bunduki ya kambi anajaribisha watu watatu wa shingo tofauti. Mpishi aliitwa, akaja na mwiko mkononi.

Halafu timazi. Alifunga uzi wa fundi mwashi kwenye tawi la mninga, na uzito wake wa shaba ukaning'inia mpaka ukatulia. Bunduki ililala kwenye mifuko ya mchanga juu ya meza, pima maji juu ya reli ikionyesha tone limekaa katikati. Mzee akawa anaigeuza darubini ndani ya pete kwa ncha za vidole, kidogo mno hata sikuona ikienda, mpaka mstari wa msalaba ulioelekea chini ukalala juu ya uzi. Zamani misalaba ya darubini ilikuwa nyuzi kwelikweli, nyingine za utando wa buibui, uliopendwa kwa wembamba na uimara wake. Huu wa sasa umechongwa juu ya kioo. Lakini unapoutazama ukilingana na uzi wa timazi unaona bado ni jambo lile lile, uzi kwa uzi.

Kukaza pete ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mrija ni wa alumini, milimita 30, na ukuta wake mwembamba. Ukikaza kwa hasira unaubonyeza, na mrija mdogo wa ndani unabanwa usiweze kutembea. Mzee ana bisibisi yenye kipimo, ile inayoteleza na kutoa mlio ikifika nguvu uliyoiwekea, naye aliiweka nyutoni-mita 2. Skrubu alizikaza kwa kuvuka, huku kidogo, kule kidogo, kama zinavyofungwa nati za tairi, akikagua kwa karatasi kwamba pengo la pete kushoto na kulia ni moja. Kati ya mzunguko na mzunguko alirudi kwenye timazi kuhakikisha kwamba kukaza hakujaipinda. Kulikuwa kumeipinda. Akalegeza zote, akaanza upya, bila hata kuguna.

Saa nne tukahamia kwenye uwanja. Uwanja wetu ni meza nzito ya mninga iliyozikwa miguu, na mbele yake njia iliyofyekwa moja kwa moja mpaka kwenye kichuguu kirefu kuliko mtu, kipana, chenye udongo mgumu unaomeza risasi zikafia humo. Tukapandisha bendera nyekundu. Kijana mmoja akatumwa kuzunguka nyuma kuhakikisha hakuna mtu wala mzinga wa asali ulioanza kutembelewa. Mzee alitoa bolti kwenye bunduki, akatia kidole kwenye chemba, akaniambia na mimi nitie, ingawa tuliona wote kwamba ni tupu.

Bunduki isiyo na bolti ni bomba. Ukitazama kupitia kwenye mtutu kutoka nyuma unaona duara dogo la mwanga, na ndani yake unaweza kuliweka doa jeusi la ubao. Mzee aliifunga bunduki kwenye meza kwa mipira ya tyubu ya gari, doa likiwa katikati ya bomba, kisha akapandisha jicho kwenye darubini na kuuleta msalaba kwenye doa lile lile. Mtutu ukaona, kioo kikaona, vyote viwili kitu kimoja. Huko ni kuvitambulisha tu. Kuvipatanisha ni kazi nyingine.

Wengi hapo wangeanza kufyatua. Mzee aliomba tepu.

Darubini hii inahesabu kwa mili, yaani sehemu moja ya elfu ya umbali. Kwa mita 100, mili moja ni sentimeta 10. Nobu imegawanywa kwa kliki, kila kliki sehemu ya kumi ya mili, kwa hiyo kila ukisikia tiki moja shabaha imesogea sentimeta 1. Hesabu safi, ya mtu aliyesoma kwa mita. Mzee alitundika tepu ya fundi kwenye ubao, imenyooka kando ya uzi wa timazi, sifuri juu. Bunduki ilibaki imefungwa, haina bolti. Yeye akaweka jicho, mimi nikashika nobu ya juu kwa vidole viwili na kuhesabu kwa sauti, nikisimama kila kumi. Ukizungusha kupandisha shabaha, msalaba wenyewe unashuka, kwa sababu macho yakishushwa ndipo mtutu utainuliwa. Kwa hiyo aliutazama msalaba ukiteremka kwenye tepu kama mtu anayeshuka ngazi.

“Hamsini,” nikasema.

“Arobaini na tisa.”

“Mia.”

“Tisini na nane.”

Moyo ukaniporomoka. Dola mia sita, na inakula sentimeta mbili kwenye mita. Nikamwambia, Mzee, hii inatupunja. Hakunijibu. Alinirudisha kumi kumi mpaka mwanzo, msalaba ukatua pale pale ulipoanzia. Akaniambia twende tena. Arobaini na tisa. Tisini na nane. Akainua kichwa, akatazama njia yote mpaka kwenye kichuguu.

“Skrubu mbovu haipunji kwa haki,” akasema. “Ingekuwa mbovu, hapa ingekula, pale ingetapika. Hii inakata sawasawa toka mwanzo mpaka mwisho. Lete tepu ndefu.”

Tukapima kutoka mezani mpaka ubaoni. Mita 98. Asubuhi ile nilikuwa nimeusogeza ubao hatua mbili mbele kuukwepa mzizi, nikiona hatua mbili si kitu. Kwa mita 98, mili moja ni sentimeta 9.8, na kliki mia moja ni sentimeta 98 kamili. Darubini ilikuwa imeshika ukweli kuliko mimi, tena ilikuwa imepima uwanja wetu bila kuombwa. Tukaurudisha ubao, tukang'oa mzizi. Kliki mia: sentimeta mia. Kurudi: sifuri. Tukafanya vivyo hivyo kulia na kushoto, na safari ya kushuka na kupanda Mzee aliangalia pia kama msalaba unauacha uzi wa timazi. Haukuuacha.

Nimefikiria sana tangu siku ile kuhusu ule utulivu wake. Alikuwa na jibu moja mkononi, jibu lililoelekea kabisa, na kifaa kipya ambacho hakuna aliyekijua bado. Kukilaumu kulikuwa rahisi. Aliutazama kwanza mwenendo wa kosa, akaona kosa hili lina adabu, na kosa lenye adabu halitoki kwenye springi.

Risasi zilianza karibu saa sita. Za greni 180, boksi moja, zote zenye namba ile ile ya kiwanda, maana ukichanganya hujui unayemuuliza. Moja kwa mita 25, kuhakikisha tupo kwenye karatasi. Kisha mita 100. Mzee anapofyatua huoni kidole kikitembea. Unaona mgongo ukishuka kidogo pumzi inapotoka, unasubiri, na mlio unakukuta umeshasahau kuusubiri. Baada ya kila risasi aliiacha bunduki wazi na kuugusa mtutu kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, chai. Siku ile tulikunywa chai nyingi.

Matundu matatu ya kwanza yangefunikwa na kifuniko cha chupa ya maji, sentimeta 6 kushoto ya doa na 4 chini. Kliki sita kulia, nne juu. Kwa darubini za zamani alikuwa na desturi ya kuigonga nobu taratibu kwa ganda la risasi baada ya kuizungusha, kuusaidia mrija wa ndani utulie. Safari hii ganda alilishika mkononi na hakuligonga. Alitaka kuona kama itatii bila kusukumwa. Risasi tatu zikaingia kwenye doa.

Basi likafuata jaribio la sanduku. Kliki ishirini juu, risasi tatu. Ishirini kulia, tatu. Ishirini chini, tatu. Ishirini kushoto, na sasa umerudi nyumbani, tatu za mwisho. Ubaoni kuna mraba wa vifungu vya matundu, kila upande unapaswa kuwa sentimeta 20. Nilipima kutoka katikati ya kifungu hadi katikati: 20, 19, 20, 20. Nikataka kuandika kwamba upande mmoja umepungua. Mzee akauliza bunduki hii inatawanya kiasi gani. Kama sentimeta tatu, nikajibu. Akasema basi sentimeta moja hiyo ni ya bunduki, au ya pumzi yake, na haina haki ya kumshitaki mtu. Kwa swali dogo kama hilo tulishamuuliza tepu, na tepu alijibu.

Lililompendeza, na alionyesha kupendezwa kwa kunyanyuka na kutembea mwenyewe hadi ubaoni, ni vile vifungu viwili vya nyumbani. Matatu ya mwisho yalikuwa yameingia juu ya matatu ya kwanza, mawili yakiwa yamegusana ukingo, karatasi imepasuka na kuwa tundu moja lenye umbo la jani la vipande vitatu. Alilipapasa kwa kidole gumba.

Mtu anaweza kuuliza faida ya yote hayo, na mimi niliuliza. Wageni wetu hawazungushi nobu porini. Bunduki ya kambi inaachwa imewekwa ili kwa mita 100 risasi ipige sentimeta 5 juu, ishuke hadi penye msalaba kwenye mita 180 au 190 hivi, na ndani ya umbali huo mwindaji alenge tu moyoni bila hesabu. Kofia za nobu zinafungwa na hazifunguliwi msimu mzima. Mzee alisema ni kweli, lakini skrubu isiyojua kwenda ilikotumwa haijui pia kutulia ilipoachwa. Kutii na kutulia ni tabia moja. Nikamkumbuka kongoni.

Jioni tulibaki mezani. Sasa alikubali kuongea habari ya kioo. Aliweka darubini ya zamani na mpya sambamba juu ya mifuko ya mchanga, na chini ya kichuguu akatundika kipande cha mfuko wa unga wenye maandishi makubwa. Ile ya zamani pamoja na springi yake iliyokufa ina vioo vizima, kwa hiyo mashindano yalikuwa ya haki.

Mwanga ukipiga kioo kitupu, kila uso unaurudisha nyuma kama asilimia 4. Kidogo, lakini darubini ina lenzi nyingi; zikiwa na nyuso kumi na sita zinazogusa hewa, karibu nusu ya mwanga haifiki jichoni. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanafizikia wa kampuni ya Zeiss kule Jena, alipata njia ya kupaka kioo utando mwembamba sana unaozuia mwanga kurudi. Ukiitazama lenzi ya mbele kwa pembeni unauona, zambarau na kijani, kwa kanuni ile ile inayotia rangi mafuta juu ya dimbwi la maji. Leo utando huo umewekwa tabaka juu ya tabaka hata kwenye darubini ya bei ya kati, na ndiyo maana darubini ya dola mia sita ya sasa inaweza kuona jioni vizuri kuliko ya fahari ya enzi za babu zetu.

Jua lilishuka nyuma ya miyombo. Mzee aliirudisha darubini mpya kutoka mara 12 hadi mara 8. Lenzi ya mbele ni milimita 42. Ukigawa kwa 12 unapata mwali wa milimita 3.5 unaoingia jichoni, ukigawa kwa 8 unapata zaidi kidogo ya 5. Mboni ya kijana gizani inaweza kufunguka hadi milimita 7, ya mzee haifiki huko, na ukuzaji mkubwa magharibi unakuletea kitu karibu na kukizima papo hapo. Alizungusha akitafuta mahali jicho lake lenyewe liliposhiba. Sheria hairuhusu kuwinda usiku, lakini chui anapenda dakika zile za mwisho za uhalali, na ndizo zinazopimwa.

Maandishi ya mfuko yalipotea kwanza kwenye ile ya zamani. Niliangalia saa. Kwenye mpya Mzee aliendelea kusoma kwa sauti, herufi moja moja, kwa dakika sita zaidi. Ina upungufu wake, na tuliuandika: kwa mara 12 picha inafifia kwenye kingo, ubao mweupe unapata mpaka mwembamba wa zambarau, na kliki za nobu ya pembeni hazisikiki kidoleni vizuri kama za juu. Nilipomsomea habari ya kingo alisema mnyama hakai pembeni ya kioo.

Asubuhi ya pili tulifyatua risasi moja tu, mtutu ukiwa baridi na umande bado kwenye nyasi. Iliingia pale tulipoiacha, sentimeta 5 juu. Mzee akalifungua begi lake na kutoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, alichomwomba mjukuu wake. Kwa brashi ile ndogo alichora mstari kwenye kila skrubu, mstari unaoanzia kwenye kichwa cha skrubu na kuvuka hadi kwenye pete, ili ikilegea hata kwa unywele mstari ukatike na yeyote auone. Skrubu za pete, skrubu za reli. Mkono haukutetemeka. Alipomaliza ya mwisho aliipuliza kidogo, akaiegemeza bunduki kwenye meza, akaniambia nisiiguse mpaka ikauke.